UZI: Lori kuukuu lililogeuzwa kuwa la kubebea farasi – kulikagua, kulitunza, na mahali linapoanzia kuoza

#1 Chesisi_Mzee

Wakuu, habari za wakati huu. Maswali ya malori ya farasi yanajirudia humu na majibu yametawanyika, nayakusanya hapa. Nazungumzia lori la mizigo la zamani, la uzito jumla (kiwango cha juu cha lori pamoja na mzigo wake wote) wa tani 6 hadi 10, lililovuliwa bodi yake na kuvishwa boksi la farasi wawili hadi wanne. Tela la kukokotwa na gari dogo lina mambo yake, tuliache.

Wanunuzi wengi wakifika wanainamisha kichwa cha lori kwanza wakaangalie injini. Injini ya dizeli ya zamani huzeeka taratibu, na kabla haijafa hutoa moshi, huvuja, hugonga. Sakafu haisemi kitu. Lori la farasi hutembea kilomita chache kwa mwaka, husimama wiki nyingi, na kila safari linamwagiwa mkojo. Kwa hiyo mimi hukagua kwa mpangilio huu: sakafu, chesisi, rampu (ule mlango wa nyuma au wa ubavuni unaoangushwa ukawa daraja), breki, tairi, umeme, injini mwisho kabisa.

Sakafu. Toa mikeka yote ya mpira, usikubali kufunuliwa kona moja. Farasi wengi hawapendi kukojoa gari likiwa mwendoni. Hujizuia, gari likisimama tu wanaachia. Ndiyo maana uozo hausambai sawasawa. Uko chini ya miguu ya nyuma, uko kwenye mstari ambapo sakafu inakutana na ukuta, na uko kwenye ukingo wa rampu mkojo unapotiririkia. Chukua bisibisi bapa uikandamize kwenye mbao kwa nguvu ya kiganja tu. Mbao ngumu iliyo nzima inakataa; bisibisi ikizama zaidi ya milimita 5, ubao huo umekwisha. Gonga kwa nyundo: mzima unalia ko-ko, uliooza unalia pu. Kisha ingia chini na tochi urudie yote kutoka huko, hasa pale ubao unapokalia taruma (mhimili mdogo wa chuma unaobeba sakafu). Unyevu hunaswa kati ya mbao na chuma, na ubao huliwa kutoka chini huku uso wake wa juu ukiwa bado unang'aa.

Ukikuta plaiwudi mpya imelazwa juu ya mbao za zamani, ing'oe au achana na lori hilo. Aliyeiweka alikuwa na sababu.

Kwa nini nakazania hili? Farasi wa kilo 500 aliyetulia anagawa uzito wake kwenye kwato nne. Lori likikata kona au likishika breki, uzito huo unaweza kuangukia miguu miwili, kilo 250 kila kwato, tena kwa kishindo. Sakafu inatakiwa ihimili kishindo hicho, siyo mnyama aliyesimama kwa picha.

#2 Bi_Hatamu

Shikamoo mzee. Mikeka ikiwa imegandishwa kwa gundi na pembeni imezibwa, mtu akague vipi? Muuzaji hawezi kukubali iraruliwe.

#3 Chesisi_Mzee

Marahaba binti. Hapo unategemea upande wa chini, na kama chini pamefunikwa kwa bati au rangi nene ya lami, tafuta kipimo cha unyevu cha sindano mbili. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi unyevu ukipita asilimia 20 hivi. Pima kwanza ubao ulio mbele, chini ya vichwa vya farasi, ambako mkojo haufiki. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganisha. Kisha pima nyuma. Mbele ukipata 14 na nyuma 27, umeshajibiwa bila kurarua kitu.

Halafu simama ndani ya kizimba (nafasi ya farasi mmoja), sehemu ya nyuma, kwa kisigino kimoja na ujibembeze. Sakafu inayobonyea chini ya mtu wa kilo 70 haina la kumwambia farasi.

#4 Randa_na_Msumeno

Mzee kamaliza ukaguzi, niongeze ujenzi. Wanaobadilisha sakafu wazingatie haya.

Mbao ngumu, unene milimita 35 hadi 45, kama nafasi kati ya taruma na taruma ni sentimita 30 hadi 40. Mataruma yakiwa mbali zaidi ya hapo, ongeza taruma; usijidanganye kwa kuongeza unene wa mbao. Ubao ukate mataruma kwa pembe mraba, yaani mataruma yakienda upana wa lori, mbao zinaenda urefu. Kila ubao ukalie angalau mataruma matatu. Kiungo cha mbao mbili kiangukie katikati ya taruma, na usipange viungo vyote mstari mmoja.

Kabla ya kulaza mbao, safisha mataruma hadi chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kisha bandika ukanda wa mpira wa milimita 3 juu ya kila taruma. Ukanda huo ndio unaotenganisha mbao na chuma. Ncha za mbao zilizokatwa zitumbukizwe kwenye dawa ya kuhifadhi mbao kwa dakika kadhaa, kwani ubao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa uso. Lami ya kreosoti usiitie ndani ya boksi: ina sumu, na farasi hulamba na kutafuna. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kichwa kimezamishwa chini ya uso wa ubao. Msumari kwenye sakafu ya farasi hapana. Hupanda juu wenyewe kwa mtikisiko.

Acha mwanya wa milimita 3 au 4 kati ya mbao ili mkojo upite na hewa ipande.

#5 KwatoNne

Kaka Randa, hapo kwenye mwanya tunatofautiana. Mkojo ukipita kwenye mwanya unaangukia wapi? Juu ya mataruma, chesisi, mabomba ya breki na nyaya. Umeokoa ubao ukaua chuma. Bora sakafu iliyozibwa kabisa: plaiwudi ya kuzuia maji, juu yake resini yenye chembechembe za mpira iliyomwagwa ikapanda ukutani sentimita 10 kama beseni, na mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji.

#6 Randa_na_Msumeno

Beseni ni zuri siku ya kwanza. Shida huja pale mtu anapotoboa tundu la kufungia nguzo ya kizuizi, au resini inapopasuka kwenye kona kwa sababu boksi linajipinda na resini haijipindi. Maji yakishaingia chini yake hayana pa kutokea, na kwa juu huoni kitu kwa miaka. Sakafu yenye mwanya inaoza ukiiona.

Ila hoja ya chuma nakupa. Anayeacha mwanya lazima afunike mabomba na nyaya zinazopita chini, na aoshe upande wa chini kwa maji safi kila baada ya safari chache. Asiyekuwa na nidhamu hiyo afuate beseni lako, na nguzo zote zifungwe kabla resini haijamwagwa.

#7 Chesisi_Mzee

Mko sawa wote wawili, ugomvi ni wa nani ataosha. Niongeze alumini, maana wengi wanadhani ukiweka sakafu ya alumini umeoa usahaulifu. Alumini haiozi, lakini mkojo wa farasi kwa kawaida una alkali na ukikaa hugeuka amonia, na alumini hailipendi jambo hilo. Huanza unga mweupe, kisha vishimo kama vya sindano. Mbaya zaidi ni pale alumini inapokalia chuma pakiwa na unyevu wa chumvi: hapo vinakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Weka ukanda wa mpira katikati, na bolti zivae bushi na washa za nailoni. Kagua kila mwaka pale mbao za alumini zinapounganika na pembeni karibu na ukuta. Mpasuko hufuata mstari wa kuchomelea.

Kusafisha ni kulekule kwa sakafu zote: toa mikeka, isimamishe ikauke, sugua kwa maji mengi, acha rampu na madirisha wazi hadi sakafu ikauke. Mikeka irudi pakavu. Kuosha na kufunga siku hiyohiyo ni kupika uozo.

#8 Mizani_Haidanganyi

Uzi mzuri. Uzito haujaguswa, na ndiko lori la kugeuzwa linakoshindwa hata likiwa zima. Aliyejenga boksi huongeza kitanda, jiko, kabati la matandiko, tangi la maji, na hakuna anayelirudisha kwenye mizani.

Mfano wa hesabu. Lori la uzito jumla wa kilo 7,500. Mizani inasoma 5,700 likiwa na dereva na tangi la dizeli limejaa, mikeka ndani. Zimebaki 1,800. Farasi watatu wa kilo 550 ni 1,650, zinabaki 150. Abiria mmoja 75, zinabaki 75. Maji lita 60 ni kilo 60, zinabaki 15. Matandiko matatu na hatamu zake kama 30. Umeshazidisha kilo 15, na nyasi kavu, ndoo na sanduku la vifaa bado viko nje. Kwa hiyo lori "la farasi watatu" ni la farasi wawili wakubwa, au watatu wadogo.

Mkeka wa mpira wa milimita 12 una karibu kilo 15 kwa kila mita mraba. Sakafu ya mita mraba 10 ni kilo 150. Ukipima lori mikeka ikiwa nyumbani umejidanganya kwa uzito wa watu wawili. Dizeli nayo ni karibu kilo 0.84 kwa lita.

Na upime ekseli moja moja: mbele peke yake, lori zima, nyuma peke yake. Boksi refu lenye farasi waliosogezwa mbele na kitanda juu ya kichwa cha lori linaweza kuwa ndani ya uzito jumla huku ekseli ya mbele imepita kiwango chake. Viwango vyote viko kwenye kibao cha lori mlangoni au ndani ya kichwa.

#9 Mgeni_wa_Jana

Wakuu samahani, boksi linafungwaje kwenye chesisi? Nimeona mengine yamechomelewa moja kwa moja.

#10 Chesisi_Mzee

Lililochomelewa moja kwa moja likimbie.

Chesisi ya lori imeundwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda tuta, mihimili miwili mirefu inazunguka kidogo kama mkono unaokamua nguo. Boksi ni kitu kigumu, halitaki kujipinda. Ukivichomelea pamoja, kimoja lazima kipasuke, na mara nyingi ni chesisi, nyuma tu ya kichwa, ambako lori linajipinda zaidi.

Njia sahihi ni boksi kukaa kwenye fremu yake ya pili, fremu hiyo ilale juu ya mihimili ya chesisi. Nyuma inafungwa imara kwa mabamba ya chuma yenye bolti. Mbele inafungwa kwa vishikio vyenye springi au mpira vinavyoruhusu fremu kunyanyuka kidogo. Mabamba yafungwe kwenye ubavu wa mhimili. Usitoboe wala kuchomelea mdomo (ukingo uliokunjwa) wa juu au wa chini wa mhimili, kwa sababu huko ndiko mvutano na mgandamizo ulikojaa. Tundu dogo la kuchimba huko ni mwanzo wa ufa.

Malori mengi ya zamani yana kipande cha mbao kati ya chesisi na fremu ya pili. Mbao hiyo hunyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma. Piga nyundo mdomo wa juu wa mhimili pembeni mwa mbao hiyo uone kama kutu inadondoka kwa maganda. Maganda yakitoka, angalia pia kama mhimili umevimba: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na inaweza kutenganisha mabamba mawili yaliyobanana.

Springi: angalia jani lililovunjika, na mara nyingi huvunjika karibu na tundu la bolti ya katikati, mahali usipopaona kirahisi. Lori lililolala upande mmoja likiwa tupu ndiyo dalili. Pini za springi na kingpini zipigwe grisi kila baada ya miezi mitatu hata kama lori halijatoka, mpaka grisi mpya itokeze pembeni. Nipeli isiyopokea grisi isiachwe; itoe, ichokonoe, badilisha.

#11 Upepo_Bar8

Zamu ya breki. Kwanza ujue una mfumo gani. Malori madogo ya zamani mengine yana breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, makubwa yana upepo mtupu. Ya mafuta: badilisha mafuta kila miaka 2, kwa kuwa yanavuta maji kutoka hewani hata lori likiwa limesimama, na maji hayo ndiyo yanayokwamisha pistoni za gurudumu.

Ya upepo, fanya hivi kila kabla ya safari:

Zungushia magurudumu vigingi, lori likiwa sehemu tambarare. Washa injini ujaze upepo mpaka vali ya kupumua ipige "pshii". Kwenye mengi ya zamani ni bar 7 hadi 8.5. Zima injini, achia breki ya mkono, subiri mshale utulie. Kanyaga breki ushikilie dakika moja nzima. Mshale usishuke zaidi ya bar 0.2 hivi katika dakika hiyo. Ukishuka zaidi kuna mahali panavuja. Mwambie mwenzako azunguke na maji ya sabuni kwenye viungo na vyumba vya breki huku wewe umeshikilia pedali.

Kisha pampu pedali mpaka taa au kengele ya upepo mdogo ije. Isipokuja, hamna safari.

Matangi yafunguliwe vali zake za chini maji yatoke. Maji machache ni kawaida. Yakitoka mengi, kikaushio cha upepo kimechoka: badilisha kopo lake kila mwaka mmoja hadi miwili. Yakitoka uji mweusi wa oili, ringi za kompresa zimeisha, na oili hiyo inaharibu mipira ya vali zote mbele yake. Kubadilisha kopo peke yake hapo ni kupoteza muda.

ONYO. Breki ya mkono ya upepo inashikiliwa na springi kubwa iliyobanwa ndani ya chumba cha nyuma. Usifungue bangili ya chumba hicho bila kwanza kuibana springi kwa bolti yake maalumu. Springi hiyo ikitoka inaua mtu, sitanii.

#12 Bi_Hatamu

Ahsante kaka Upepo. Lori likisimama msimu mzima, breki zinanata kwenye drami (ngoma ya gurudumu ambayo breki huibana). Kuna namna ya kuzuia?

#13 Upepo_Bar8

Ipo dada. Kama breki ya mkono ni ya waya au ya mafuta, liache kwenye gia na vigingi pande zote, breki ya mkono ikiwa imeachiwa. Kama ni ya springi huwezi, upepo ukiisha inajifunga yenyewe. Dawa yake ni kulisogeza kila wiki mbili, mita chache mbele na nyuma, na kushika breki mara kadhaa ili kutu nyepesi ifutike.

Ikishanata, usilazimishe kwa klachi. Jaza upepo, achia breki, ingiza rivasi taratibu, halafu gia ya mbele. Ikikataa, gonga drami kwa nyundo upande wa nje, siyo kwenye bamba la nyuma. Likishaachia, toa drami uangalie: laini za breki (bitana inayosugua drami) zinaweza kuwa zimebanduka kwenye kiatu chake, na kipande kilichobanduka hufunga gurudumu barabarani.

#14 fundi_waya

Umeme kwa ufupi, maana mengi ni uzembe. Malori mengi ya aina hii ni volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Wajenzi wa boksi wanataka volti 12 za taa na pampu ya maji, wanachukua kutoka betri moja. MSIFANYE HIVYO. Betri hiyo inaisha, mwenzake inabaki imejaa, chaji inaziona kama kitu kimoja: moja inapikwa kwa kuzidishiwa, nyingine haijai kamwe. Baada ya miezi zote mbili ni taka. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12, au betri ya tatu yenye chaji yake.

Pima kila betri peke yake baada ya kusimama usiku mzima: 12.6 imejaa, 12.4 ichaji, 12.0 ni kama imeisha. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, mojawapo inakufa na itaivuta mwenzake. Nunua mbili kwa pamoja, za aina moja.

Taa za nyuma zinazofifia ukikanyaga breki: usibadilishe balbu. Tafuta waya wa asi (unaorudisha umeme kwenye chuma cha lori) kwenye bodi, ukwangue hadi chuma, kaza, paka grisi. Na kila waya unaotoka betri kwenda kwenye boksi uwe na fyuzi karibu na betri, siyo mwisho wa safari. Ndani kuna nyasi kavu.

#15 KwatoNne

Rampu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1/2005 inataka rampu ya farasi isizidi nyuzi 20, na ikizidi nyuzi 10 iwe na vipingo vya kuzuia kuteleza. Hata usipokuwa chini ya kanuni hiyo, namba zake zina maana. Malori ya mizigo yana sakafu iliyo juu sana kutoka ardhini. Sakafu ya mita moja na rampu ya mita 2.2 inakupa nyuzi 27, mlima huo, na farasi asiyezoea hukataa. Kufikia nyuzi 20 ungehitaji rampu ya karibu mita 2.9, nzito mno. Jibu la kawaida ni kurudisha lori nyuma kwenye ardhi iliyoinuka: ukipata mwinuko wa sentimita 25 tu, rampu ileile ya mita 2.2 inashuka kwenye nyuzi 20.

Uozo wa rampu huanzia ukingo unaogusa ardhi na mahali bawaba zilipofungwa. Vua mpira wa juu sentimita 20 za mwisho uchokonoe. Pini za bawaba zikicheza zaidi ya milimita 2 badilisha pini pamoja na bushi.

Springi za kunyanyulia: zinajikaza rampu ikiwa chini, zinalegea ikiwa juu. Kazi yoyote ya springi ifanyike rampu ikiwa imefungwa juu, na bado usikae mbele ya ncha yake. Zibadilishwe zote mbili pamoja. Moja mpya na moja kuukuu zinaisokota rampu na komeo hazikutani. Unapoifungua simama ubavuni, usisimame nyuma. Springi ikikatika, kilo mia na zaidi zinakuja bila hodi.

#16 Mgeni_wa_Jana

Na injini jamani? Mmeisahau kabisa.

#17 Chesisi_Mzee

Haijasahauliwa, imewekwa mahali pake 😄

Oili na filta yake kila mwaka hata kama umetembea kilomita 500, kwani oili iliyokaa hukusanya asidi na maji. Usiwashe lori ukaliacha linanguruma dakika kumi ukadhani umelisaidia: injini haifiki joto, mvuke na dizeli vinabaki kwenye oili. Liendeshe nusu saa, lipate moto hadi difu na gia boksi, au usiliwashe.

Tangi la dizeli liache limejaa. Nafasi tupu inavuta unyevu, maji yanakaa chini, na kwenye mpaka wa maji na dizeli wanazaliana vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Lori linalokosa nguvu mlimani na kurudi sawa likipumzika, fungua filta kwanza. Ukibadilisha filta: legeza skrubu ya hewa juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Isipowaka, legeza nati za mabomba ya nozeli moja moja huku mwenzako anapiga stata, kaza kila moja ikishatema dizeli safi. Weka mkono mbali na mtemo huo, dizeli ya shinikizo inapenya ngozi.

Walio na injini za Cummins za mfululizo wa B za zamani, 4BT au 6BT: kuna pini ndogo ya chuma nyuma ya kava la gia za taimingi ambayo kwa mtikisiko hutoka na kuangukia kwenye gia. Kava likifunguliwa kwa sababu yoyote, funga kibati cha kuizuia. Nafasi za vali ikiwa baridi ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.51 za kutoa.

Ukiinamisha kichwa cha lori, toa kila kilicho huru ndani kwanza, na usiingie chini yake ukitegemea pampu peke yake. Kuna mkono wa chuma wa kuegemea. Kama umepotea, tengeneza.

#18 Bi_Hatamu

Niongeze upande wa mnyama, maana lori linatengenezwa kwa ajili yake. Kamba ya kichwa iwe na urefu wa kumwezesha kushusha kichwa. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kutoa vumbi na uchafu kwenye njia ya hewa, na homa ya mapafu ya safari huanzia hapo. Kamba ifungwe kwenye kitanzi cha uzi mwepesi unaokatika akivuta kwa hofu, siyo moja kwa moja kwenye pete ya chuma.

Madirisha pande zote mbili, juu ya usawa wa kichwa, na matundu ya paa. Lori lililosimama juani na farasi ndani linapata joto haraka kuliko mnavyodhani. Angalia bomba la moshi linatokea wapi: likitokea nyuma karibu na rampu, au ubavuni chini ya mlango mdogo, moshi unavutwa ndani lori likitembea. Pua inajua: kaa ndani ya kizimba kitupu, sehemu ya nyuma, mwenzako aendeshe dakika kumi uwanjani.

Pini za vizuizi zichomoke kwa mkono mmoja, farasi akiwa ameegemea. Zijaribuni hivyo, mtu mmoja akisukuma kizuizi kwa bega.

#19 Randa_na_Msumeno

Dada kasema kweli. Paa pia, haraka: maji huingia kwenye mshono wa kitanda cha juu ya kichwa cha lori na kuteremka ndani ya ukuta mpaka kwenye ncha za mbao za sakafu. Unatengeneza sakafu, maji yanatoka juu. Kwangua gundi ya zamani yote, usipake mpya juu yake, na utumie ya poliuretani. Silikoni ya bafuni inabanduka kwa mtikisiko na rangi haishiki juu yake.

#20 Mgeni_wa_Jana

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: tairi zina kina kizuri cha meno lakini pembeni zina nyufa ndogondogo. Na nati za upande mmoja zinakataa kufunguka kabisa.

#21 Upepo_Bar8

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi baada ya herufi DOT. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Malori haya hayamalizi meno, tairi hufa kwa umri. Ikipita miaka 10 ondoa, na za mbele usisubiri hata huko. Nyufa zikiwa zinaonyesha nyuzi za ndani, leo hiihii. Tairi pacha za nyuma zipimwe upepo zote mbili, ya ndani ndiyo inayosahaulika. Ikiwa laini, ya nje inabeba mzigo wa mbili mpaka inapasuka. Chungulia pia kama kuna jiwe limebanwa katikati.

Nati: angalia ncha za bolti kama zina chapa ya L. Malori mengi ya zamani yana nyuzi za kinyume upande wa kushoto, unazifungua kwa kuzungusha upande ambao kwingine ungekuwa unakaza. Kabla hujaongeza bomba refu kwenye spana, hakikisha hilo, usije ukakata bolti. Ukishafunga gurudumu, kaza kwa mpangilio wa nyota (nati moja, kisha ya mkabala nayo), kwa kipimo cha lori lako, na ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 80.